Waliosoma jiografia chuo, leo mnafanya kazi gani? Tupeane uzoefu

Wakuu salamu. Mdogo wangu kachaguliwa digrii ya jiografia na nyumbani kila anayekuja anauliza swali lile lile, "sasa akimaliza atakuwa nani?" Udaktari unatoa daktari, uhasibu unatoa mhasibu, jiografia je? Tangazo la "anatafutwa mwanajiografia" binafsi sijawahi kuliona. Mi mwenyewe nilisoma hiyo hiyo, nikakaa mtaani mwaka na ushee halafu nikaangukia kampuni ya bima na mpaka leo nipo, kazi yangu kubwa ni kuangalia nyumba inayotaka kukatiwa bima iko umbali gani na mto na imeinuka mita ngapi juu yake. Darasani tulisoma tambarare za mafuriko nikajua ni ya kujibia mtihani tu, kumbe ndo itakayonilisha. Sasa mliopita huko mwageni, uzi wote nitamtumia asome mwenyewe. Ukweli tu, kutiana moyo tuache kwanza.

Pikseli30
Mi niko kwenye GIS, ramani za kompyuta. Kilichonitoa sio cheti mkuu, ni QGIS, programu ya kutengenezea ramani, maana ile ni ya bure, nikaipakua kwenye laptopu mbovu inayounguruma kama mashine ya kusaga nikawa nashusha picha za setilaiti za Landsat, nazo toka 2008 ni bure kwa yeyote na zinarudi nyuma hadi 1972, nachukua ziwa moja, picha ya zamani na ya juzi, napima maji yamerudi nyuma kiasi gani. Pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, kwenye hizi za karibuni ni mita 30 kwa 30, za miaka ya sabini ni kubwa zaidi, kwa hiyo nyumba huioni ila ziwa na msitu unaviona vizuri tu. Kwenye intavyuu hawakugusa matokeo yangu, wakasema tuonyeshe kitu ulichotengeneza, nikafungua yale maziwa.

Ila niwape na aibu yangu. Wiki ya pili kazini napewa orodha ya visima vilivyoko kusini kidogo ya ikweta niviweke kwenye ramani. Ule mfumo wa UTM, wa kutaja mahali kwa mita badala ya digrii, kwa upande wa kusini unaongeza mita 10,000,000 kwenye namba ya kwenda kaskazini ili isije ikasoma hasi, na unatakiwa uiambie programu kwamba uko kusini. Mi nikachagua kaskazini. Visima vyote vikaenda kutua Bahari ya Aktiki, karibu na ncha ya dunia! Na mi sijashtuka, niko bize natafuta rangi nzuri ya vidoti. Bosi akapita nyuma yangu akasimama, akauliza kwa upole kabisa, "hao wanachimba maji au wanachimba barafu?"

Chaki na Ramani
😂😂 Barafu!! Haya mi nije na upande wa pili maana nyuzi kama hizi wanaongeaga waliofanikiwa tu. Nilimaliza sijagusa programu hata moja. Maabara ilikuwa na kompyuta chache, mmoja anabofya wengine tumesimama nyuma tunachungulia, na mitihani yote ni kukariri, taja aina za mabonde, eleza hatua za mto, ukimaliza unasahau. Nilihangaika sana, na ualimu niliingia kwa sababu ya njaa, siwafichi. Sasa nimeuzoea na kuna siku naupenda. Mistari ya kontua, ile ya kwenye ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, nafundisha kwa ngumi: mtoto anakunja ngumi, anachora kwa kalamu ya wino mduara kuzunguka kila kifundo, halafu mwingine chini yake, halafu mwingine. Kisha namwambia kunjua mkono. Ule mlima umelala bapa, na pale mistari ilipobanana ndo palikuwa na mteremko mkali. Mi nilikuja kuelewa kontua mwaka wa pili chuo, wao wanaelewa ndani ya dakika tano.
Mdogo wako akipata kozi ya takwimu asiikimbie. Mi niliikimbia.

DiraMbovu
Kuna aliyesoma jiografia ya watu na sio ya miamba? Au huko ndo hakuna kazi kabisa?

MtaaKwaMtaa
@DiraMbovu zipo sana tu. Mi nilianzia kutenga maeneo ya sensa. Kabla ya watu kuhesabiwa nchi inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande karani mmoja aweze kukimaliza, na mpaka lazima uonekane kwa macho, barabara, mto, reli, sio mstari wa kwenye karatasi. Sasa nenda uone, ramani inasema hapa pana njia, unafika njia ilishahama, watu wamejenga juu yake, unauliza wazee wanne unapata majibu matano.

Sasa hivi niko upande wa magonjwa. Prof wetu alipenda sana ile ramani ya John Snow ya kipindupindu, Soho, London, 1854, vifo vimejazana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ramani wanaijua wengi, ila mi kilichonikaa ni kwamba jamaa alienda kugonga milango. Kulikuwa na waliokufa karibu na pampu nyingine, akauliza kwao, akaambiwa baadhi walikuwa wanatuma watu Broad Street kwa sababu maji yake waliyaona bora. Na wafanyakazi wa kiwanda cha bia pale pale mtaani hakufa hata mmoja, walikuwa wanakunywa bia! Hapo kompyuta haikusaidii, lazima uende.

DiraMbovu
Sawa nimeelewa. Na upimaji ardhi je? Jamaa yangu kaniambia nikimaliza naingia moja kwa moja.

MtaaKwaMtaa
Kakudanganya huyo. Upimaji na mipango miji ni fani zenye kozi zao, na sehemu nyingi zina usajili wake, sahihi yako haitambuliki mpaka usajiliwe. Jiografia inakufikisha mlangoni, wengine wanaongeza masters ndo wanaingia. Uliza chuoni kabla hujaanza, usije ukagundua mwaka wa tatu kama mwenzetu mmoja darasani kwetu, alilia.

Mtoa mada
Asanteni sana wakuu, mdogo wangu kasoma yote. Nilidhani atauliza habari za mshahara, kauliza Pikseli30 anaweza kumtumia ile ramani aione?

Pikseli30
Ya maziwa aje inboksi sasa hivi. Ya visima ninayo bado ila hiyo siitoi.