Uzi haupiti kwenye sindano, nina miaka 45

FundiMbuyuni: Habari wakuu. Nashona soko la Mbuyuni, Moshi. Tangu Januari uzi hauingii kwenye tundu la sindano mpaka ninyooshe mkono wote, na hapo tundu lenyewe silioni. Mlima asubuhi nauona vizuri, hadi theluji. Ni ugonjwa? Watoto wangu wanasoma kwa cherehani hii.

Muuguzi_macho: Pole kaka. Ni umri. Lenzi ndani ya jicho huongeza tabaka maisha yote, kama kitunguu, na za zamani hazitoki. Utotoni ni laini: misuli ikikaza, inatuna, unaona karibu. Ukivuka 40 imeshakuwa ngumu, haitaki kutuna. Mlima uko mbali, hauhitaji itune. Miwani ya kusomea itakutosha, ila kapimwe kwanza. Hospitali ya KCMC hapo Moshi wana idara ya macho. Waombe na presha ya jicho, maana glakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, huja kimyakimya.

MamaCherehani67: Mwanangu, usichelewe kama mimi. Lenzi huwa ya njano polepole bila wewe kujua. Nilishona suruali ya bluu iliyoiva kwa uzi mweusi, nikaja kuona nilipoitoa juani. Baadaye ukaja ukungu, mtoto wa jicho. Walinipasua, wakaweka lenzi ya bandia. Walipobandua bandeji, shuka nililodhani la krimu lilikuwa jeupe pee!

FundiMbuyuni: Shikamoo mama, asanteni sana. Miwani haitazidisha tatizo?

Muuguzi_macho: Hapana. Lenzi itaendelea kukakamaa uivae usiivae.

FundiMbuyuni: Basi Alhamisi nafunga mapema, naenda.