"Kidonge hakina macho": nimedhalilishwa mbele ya mbwa wangu mgonjwa

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa maana haijapita hata saa moja tangu yule bwana, ambaye hakuna mfugaji wa mbwa asiyemjua, yule ambaye chupa yake ya matone ya masikio haitoki mfukoni, aniaibishe katika chumba cha kusubiri cha daktari wa mifugo. Nilikuwa nimemshika mbwa wangu kichwa ili asiendelee kukitikisa, na sikio lake lilikuwa limejaa damu kama puto kwa sababu ya kujikuna usiku kucha. Nikamweleza mama mmoja aliyeketi karibu nami kwamba daktari ameuona utitiri, vidudu vidogo vya masikioni, kwa hadubini na ameamua kutumia kidonge cha kutafuna. Hapo yule bwana akaangua kicheko cha kuamsha wafu, akasema kwa sauti: "Kidonge hakina macho, kitaijuaje njia ya sikioni?"

Chumba kizima kikacheka. Nusura mbwa wenyewe wacheke.

Kidonge hakina macho! Damu nayo ina macho? Dawa hizi za kundi la isoksazolini, kama vile afoksolaneri, fluralaneri na sarolaneri, zikishamezwa huingia kwenye damu na kusambaa hadi kwenye ngozi, pamoja na ile ya ndani ya sikio, na utitiri unapojilisha pale huimeza dawa, mishipa yake ya fahamu ikavurugika, ukafa. Yeye anataka nimminie matone mnyama anayelia hata nikimgusa shavu, tena siku nenda rudi, kwa kuwa utitiri huchukua takriban wiki 3 kutoka yai hadi kukomaa. Halafu anasimama mbele za watu na kusema kidonge hakina macho.

Mlezi wa Mbwa Wanne: Pole sana, ndugu. Huyo huyo aliwahi kunishikia sikio la mbwa wangu na kulijaza matone kabla ya mtu yeyote kuchungulia kama kiwambo cha sikio kimepasuka. Mbwa alitembea upande kwa siku kadhaa. Kama ni macho, yeye ndiye asiyekuwa nayo.

Msomaji Mkimya: Mleta mada, umeandika aya tatu kumlilia mtu aliyecheka mara moja. Umesema kidonge kitaua utitiri, sawa, lakini hujasema neno juu ya uchafu mweusi ulioko sikioni wala fangasi na bakteria wanaobaki baada ya utitiri kufa. Sikio bado litahitaji kusafishwa, na pengine hayo matone unayoyachukia.

Mleta mada: Kusafishwa sijakataa, na daktari amenipa dawa ya kusafishia. Nilichokataa ni kuchekwa nikiwa nimemshika mnyama anayeumwa. "Kidonge hakina macho." Bado nakisikia kile kicheko.

Baba Kolli: Afadhali wewe umechekwa tu. Mimi nilishauriwa na mtu wa aina hiyo hiyo nimpe mbwa wangu ivamektini ya ng'ombe, dawa ya kuua vimelea, nipime kwa jicho, wakati mbwa wa jamii ya Collie kama wangu wengi wana hitilafu ya jeni ya MDR1 inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Nilikesha naye akitokwa na mate na kushindwa kusimama. Huo ndio uzi uliopaswa kufunguliwa.

Mwenye Jike Mzee: Na wangu je? Mbwa wangu ana kifafa na aliyenipa kidonge hakuniuliza chochote, ilhali mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba isoksazolini zinaweza kuleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Wengi huzivumilia vizuri, lakini swali lile moja lilikuwa haki yangu.

Mlezi wa Mbwa Wanne: Wabaya zaidi ni wanaokata kidonge cha mbwa mkubwa vipande viwili ili wawagawie wadogo. Kipimo hufuata uzito, jamani.

Nyumba Moja: Wote mmemsahau paka. Jirani yangu amemtibu mbwa mara mbili kwa kidonge sahihi, na kila mara utitiri unarudi, kwa sababu paka wake analala kwenye tandiko lile lile akiwa na masikio meusi na hajaguswa. Nilipomweleza kwamba wanyama wote wanaoishi pamoja hutibiwa kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa dawa iliyoidhinishwa kwa aina yake, aliniambia nisimsingizie paka.

Msomaji Mkimya: Huyo jirani ni yule mwenye paka wa kijivu au yule mwenye paka wawili mlangoni?

Nyumba Moja: Wa kijivu. Na sasa paka amezaa.