Naomba ushauri: Daisy alimpenda Gatsby, au alipenda utajiri wake?

Habari zenu, ndugu wanachama. Naandaa mada ya kikundi chetu cha kusoma vitabu kuhusu The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925, na naomba mnisaidie katika suala ambalo wasomaji wengi hulihukumu kwa haraka.

Wengi humwona Daisy, mpenzi wa zamani wa Gatsby, kuwa mpenda fedha tu, kwa kuwa aliolewa na Tom Buchanan, aliyempa mkufu wa lulu wa dola 350,000 siku moja kabla ya harusi. Lakini jioni hiyohiyo Daisy alilewa, barua ikiwa mkononi, akataka mkufu ule urudishwe kwa mwenyewe, kisha kesho yake akaolewa bila kutetereka. Miaka michache baadaye analia huku ameinamia mashati ya kifahari ya Gatsby, ambaye sasa ni tajiri, na hapo ndipo ninapokwama: analilia mtu, au maisha ambayo angeyapata kwa mtu huyo?

Kuhusu usaliti, Tom ana hawara, Myrtle, mke wa fundi gereji, wala hamfichi sana. Ila akigundua uhusiano wa mkewe na Gatsby anajigeuza mtetezi wa ndoa. Naona mwandishi anamhukumu Tom kwa ukali zaidi, ingawa Daisy ndiye aliyeendesha gari lililomuua Myrtle, na hakutuma hata ua kwenye mazishi ya Gatsby.

Mliokisoma, nianzie wapi mjadala: kwenye mashati, au kwenye ugomvi wa hoteli ya Plaza, New York, ambako Daisy anakiri kwamba aliwapenda wote wawili?