Ukumbi wetu wa maigizo wataka kufungwa, sisi wafanyakazi twaweza kuuendesha?

FundiTaa_Msa
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa taa kwa ukumbi mmoja wa maigizo hapa kisiwani, huu mwaka wa 11. Tumebaki sita: muuza tiketi, mshonaji wa maleba, mlinzi, maseremala wawili na mimi. Tangu korona mambo hayajarudi, mwakumbuka 2020 Mombasa ilifungwa mwezi wa 4 hutoki huingii mpaka mwezi wa 7, halafu kafyu ikaendelea hadi Oktoba 2021, watu wakazoea kukaa nyumbani na simu zao basi. Sasa wenye ukumbi wasema mwisho wa mwezi wafunga, kuna mtu ataka kuweka godauni ya mitumba. Mshahara miezi mitatu hatujaona lakini kila siku twaenda, twafagia, twafungua madirisha hewa ipite, manake jukwaa la mbao ukiliacha na huu unyevu wa bahari mwaka mmoja tu limekwisha. Twaweza kuomba tuuendeshe wenyewe? Tuanzie wapi?

BintiMajengo
Pole sana kaka. Lakini msifanye kazi ya bure mkanyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, wakikupunguza kazi lazima notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na ulipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Wewe miaka 10 kamili ni siku 150 hizo, bado ile mishahara ya nyuma. Pigeni hesabu ya wote sita muende nayo, muwaambie deni letu likatwe kwa kodi ya ukumbi. Na iandikwe, si ya mdomo.

Mwalimu_Likoni
Hapo dada amenena. Mimi naongeza, shoo za Jumamosi usiku ziwekeni kando kwanza, pesa iko kwa seti buku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani. Kila mwaka twatafutia watoto wa fomu foo kikundi cha kuwaigizia tamthilia ya mtihani, na chaja kuigiza kwa holi la kulia chakula, mtoto wa nyuma hasikii kitu, jua lapiga dirishani, wallahi huwa naona uchungu kwa sababu tamthilia yataka jukwaa. Nyinyi mnalo, na taa mnazo. Wekeni shoo saa tatu asubuhi na nyengine saa nane, watoto wavuke feri mapema warudi kabla ya giza. Shule yangu nitaongea na mkuu.

Mzee_wa_Kuze
Wanangu, sisi tuliona sinema ya Regal ikienda, ya Naaz ikaenda, na hakuna aliyeuliza. Kule Kamirithu, Limuru, 1977 wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa kwa mikono yao, lilibomolewa na serikali 1982, si kwamba watu walichoka nalo. Kwa hivyo yawezekana. Ila mkitaka kuuendesha kama chama cha ushirika, chataka watu 10 kusajiliwa na nyinyi mko sita. Nihesabuni mimi wa saba, nilikuwa karani, vitabu vya hesabu nitaweka.

FundiTaa_Msa
Shukran sana, machozi yamenilenga. Hesabu twaipiga leo usiku, Jumatano twaenda kuwaona wenye ukumbi. Mwalimu, nimekutumia meseji. Mzee wetu, jina lako nimeliandika. Bado watatu, aliye tayari aniambie.