Koti moja la mvua la kutembelea na kuendeshea baiskeli hapa Mtwara: ninunue lipi?

Dada wa Chuno
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla Novemba haijaingia. Siku za kazi natembea kwa miguu kutoka Chuno hadi Ligula, na wikiendi naendesha baiskeli taratibu hadi Mikindani, kama kilomita 10. Nataka koti moja la kazi zote mbili. Nililonalo ni lile la plastiki nene wanalovaa bodaboda. Mvua haipenyi, lakini nikikanyaga pedali kidogo tu blauzi inaloa jasho. Kuna duka wamenionyesha jaketi lililoandikwa 10,000 mm, muuzaji anasema hakuna zaidi ya hilo. Bajeti yangu ni 70,000. Namba hiyo ndiyo ya kuangalia?

Baiskeli Shangani
Dada, namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijaanza kuvuja. 10,000 ni nzuri, hasa mabegani ambako mikanda ya begi inakandamiza. Ila inasema habari za kitambaa peke yake. Geuza koti ndani nje: kila mshono uwe umefunikwa kwa utepe, la sivyo maji yatapita kwenye matundu ya sindano.

Jambo kubwa kwetu ni joto. Kitambaa kinachosifiwa kwamba kinapumua hutoa mvuke pale ambapo ndani kuna unyevu kuliko nje. Januari hapa Mtwara hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo mvuke unatoka polepole mno. Kwa mwendesha baiskeli wa pwani, zipu za kwapani zina thamani kuliko namba yoyote kwenye lebo. Ukipata na wavu mgongoni, au zipu ya mbele inayofunguka kutoka chini pia, chukua.

Mzee wa Naliendele
Mwanangu, nunua ponjo, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono. Hewa inapita chini, begi linafunikwa, na bei haiumizi.

Dada wa Chuno
Shikamoo mzee. Ahsante, na kwenye baiskeli linakubali?

Baiskeli Shangani
Kwa heshima yako mzee, kwa kutembea sina neno. Kwenye baiskeli nalikataa kabisa. Upepo wa baharini ukiingia linajaa kama tanga la ngalawa, na pindo likinaswa kwenye spoku au mnyororo mtu anaanguka barabarani, malori yanapita. Nimeshaona likitokea.

Mzee wa Naliendele
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye spoku kasema kweli. Basi sikiliza hilo.

Mama Mitumba
Mimi nauza nguo, nakwambia tunavyochagua belo likifunguliwa. Pitisha kiganja ndani ya koti. Ukihisi linanata, au utando unabanduka vipande vipande, liache hata kama nje linang'aa, maana halizibi tena. Kisha livae, uiname kama umeshika usukani. Mgongo ukibaki wazi au mikono ikipanda juu ya kifundo, hilo ni la kutembea tu. Kofia nayo ivute kamba, ugeuze shingo utazame nyuma: kama jicho linakutana na kitambaa, hutaona gari linalokuja. Rangi chukua njano au chungwa. Bluu iliyoiva na nyeusi hazionekani kwenye mvua ya jioni.

Ukilifua, usitie kilainishi, kinaua ile hali ya maji kuteleza. Sabuni kidogo, suuza sana, anika kivulini. Maji yakiacha kuteleza na lebo ikiruhusu pasi, pasha kwa moto mdogo huku umetandika kitambaa juu.

Baiskeli Shangani
Naongeza madigadi. Bila madigadi la nyuma, maji ya tairi yanakupanda mgongoni na kuingia chini ya koti, hata liwe la bei gani.

Dada wa Chuno
Nimeelewa, nashukuru sana wote. Lile la dukani halina zipu za kwapani na mgongo wake ni mfupi, naliacha. Jumamosi naenda mitumbani. Na suruali ya mvua je, ninunue?

Mama Mitumba
Kwa baiskeli ya wikiendi usinunue, utachemka. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka. Siku za kazi pia vaa hiyo, na suruali ya kazini itie kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, ukifika Ligula unabadilisha.