Kwenda Lusaka kwa basi: tiketi moja, au nishukie Tunduma?

Msafiri wa Mafinga
Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi ujao natarajia kwenda Lusaka kumwona dada yangu aliyeolewa huko, nami sijawahi kuvuka mpaka wowote kwa barabara. Wapo wanaonishauri nipande basi la moja kwa moja linalotoka Dar es Salaam, na wapo wanaosema ni heri niende Tunduma kwa kosta, nivuke kwa miguu, kisha nitafute basi la Zambia pale Nakonde. Naomba waliopita njia hiyo wanieleze kinachowachelewesha watu, kwa sababu nasikia habari za kulala mpakani.

Mkazi wa Vwawa
Ndugu yangu, kinachochelewesha si pasi, ni mizigo. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, hivyo anayekwenda Zambia hugongewa mihuri yote miwili upande wa Nakonde. Mwenye pasi halali na kadi ya chanjo ya homa ya manjano hana la kuhofia, na kwa kuwa nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Mtanzania anayekwenda kusalimia ndugu hahitaji viza. Basi lenyewe, hata hivyo, haliondoki mpaka watu wa forodha waridhike na kilichomo kwenye buti, na mabasi haya hubeba wafanyabiashara kuliko watembezi. Abiria mmoja akiwa na marobota ya vitenge yasiyolipiwa ushuru, mtamsubiri nyote, naye atawaomba radhi kwa maneno matamu sana. Foleni ya malori utakayoiona kabla ya kuingia mjini isikutishe. Hiyo ni yao. Ila usikubali kumshikia mtu mfuko, hata awe mama mtu mzima uliyekaa naye tangu Makambako.

Mwalimu wa Tukuyu
Nakubaliana na mkazi wa Vwawa kuhusu mizigo, na ndiyo sababu mimi huvuka kwa miguu: nikishagongewa muhuri, marobota ya watu hayanihusu tena. Isitoshe, anayepita amelala ndani ya basi haoni kwamba Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja, ambako Kinamwanga husemwa pande zote mbili na Kiswahili huendelea kukufaa sokoni. Kinachobadilika ghafla ni fedha na saa. Wavunja fedha watakufuata kabla hujauliza. Hesabu kwacha zako mwenyewe, polepole, wala usiwarudishie wakuhesabie upya. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo basi la saa tisa alasiri ya Nakonde huondoka saa kumi kwa saa ya mkononi mwako. Kwetu huku Kasumulu, ambako mpaka ni mto Songwe, mambo ni ya utulivu zaidi, lakini njia hiyo ni ya kwenda Karonga, Malawi, na haitakufikisha Lusaka kwa urahisi.

Dereva mstaafu
Mwalimu anasema kweli, lakini anasafiri na begi la mgongoni. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, kupitia Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi. Kwa mgeni mwenye mizigo, kiti cha uhakika kina thamani kuliko saa chache za mpakani, kwa kuwa ukishuka Tunduma jioni na kukosa basi, utalipia nyumba ya wageni. Kata tiketi moja.

Msafiri wa Mafinga
Nashukuru sana, nitakata tiketi ya moja kwa moja. Dada ameagiza mchele wa Kyela. Je, nao utaniletea shida?

Mkazi wa Vwawa
Mazao hukaguliwa, na masharti hubadilika. Ulizia Tunduma kabla ya kuununua, na ukifika uutaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Mchele uliofichwa chini ya nguo huonekana kuwa wa biashara hata kama ni wa pilau ya dada.