Prado yenye injini ya 1KD inatoa moshi mweusi mlimani: nizibe EGR au niisafishe?

Mkazi wa Sakina, Arusha (mwuliza swali)

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wenu kuhusu Prado ya dizeli yenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0, ambayo ninaitumia zaidi hapa mjini Arusha na wakati mwingine kwenda Karatu kikazi. Gari limepungua nguvu, na likianza kupanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu linatoa moshi mweusi mzito, hasa ninapokanyaga mafuta kutoka kwenye mwendo mdogo. Kwenye tambarare ya Makuyuni halisumbui sana. Likiwa limesimama huku injini inaunguruma hutetemeka kidogo, na ninaona dizeli inakwisha upesi kuliko zamani, ingawa taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka.

Fundi wangu, ambaye ninamheshimu, alifungua mpira wa hewa unaoingia kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) akanionyesha masizi mazito yaliyonata ndani kiasi cha kupunguza nafasi ya hewa kupita. Ushauri wake ni kwamba tukate kibati cha chuma, tukiweke kwenye bomba la EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, ili moshi usirudi tena ndani. Jirani yangu anasema nikifanya hivyo kompyuta ya gari italeta ukaidi, na mwingine anasema injini itachemka mpaka silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ipasuke. Ninaomba mnieleze EGR ina kazi gani hasa, nikiiziba ninapata nini na ninapoteza nini, na ni mambo gani yanayopaswa kupimwa kabla sijaamua.

Fundi wa dizeli, Majengo, Moshi

Ndugu yangu wa Sakina, nimefurahi kwamba umeuliza kabla kibati hakijakatwa, kwa sababu magari mengi hufika kwangu yakiwa yameshazibwa na bado hayavuti.

EGR huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha kwenye hewa inayoingia injini. Injini ya dizeli inapokwenda bila mzigo mkubwa huvuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, na ndani ya silinda joto la mwako hupanda sana. Joto hilo ndilo linalofanya naitrojeni na oksijeni za hewani ziungane na kuwa oksidi za naitrojeni, ambazo ni sumu kwa mapafu. Moshi uliorudishwa hauungui tena. Hupunguza oksijeni na kufyonza sehemu ya joto, na sumu hiyo hupungua. Basi, kazi ya EGR ni hiyo. Haikuwekwa ili kuongeza nguvu, na wala haikuwekwa ili kuipunguza, kwa maana dereva anapokanyaga mafuta hadi chini kompyuta huifunga vali ili silinda zipate hewa safi tupu. Kwa sababu hiyohiyo, hofu ya kuchemka na kupasua hedi haina msingi kwa upande wa mlimani: pale injini inapobeba mzigo mzito, EGR iliyo nzima nayo huwa imefungwa.

Kutokana na hilo utaona kwamba gari lisilovuta kwenye mlima wa Mto wa Mbu lina moja kati ya mambo mawili. Ama vali haifungi tena vizuri kwa sababu ya masizi, hivyo moshi unaingia wakati ambapo haupaswi kuingia, ama tatizo liko mahali pengine kabisa. Kibati kinatibu hali ya kwanza peke yake, na hata hiyo hakiitibu kwa ukamilifu, maana ule uchafu uliokwisha kujaa ndani ya manifodi unabaki palepale ukibana hewa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kama vali yako ni ile inayofunguliwa kwa mvuto wa hewa kupitia kampira kadogo, chomoa kampira hako, ukazibe kwa bolti ndogo, kisha uendeshe gari kwenye mpando. Bila mvuto huo, springi ndani ya vali inapaswa kuifunga. Moshi ukipungua na gari likavuta, basi EGR ilikuwa inafunguka kupita kiasi. Lakini kusipokuwa na mabadiliko yoyote usikimbilie kusema kwamba EGR haina kosa, kwa kuwa inawezekana springi imeshindwa kuirudisha vali iliyogandishwa na masizi. Hapo ni lazima ifunguliwe na kutazamwa kwa macho. Kama vali yako ni ya mota ya umeme, usichomoe waya kwa majaribio, kwa sababu kompyuta itawasha taa na huenda ikapunguza nguvu yenyewe, na kipimo chako kitakuwa hakina maana.

Baada ya hapo fuata njia ya hewa yote. Mipira kati ya turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), kipoza hewa na manifodi ikiwa na ufa, hewa iliyokwisha kupimwa na sensa huvuja nje, kompyuta hudhani ipo, humwaga dizeli kwa kiasi hicho, na matokeo yake ni moshi mweusi pamoja na udhaifu ule unaoueleza. Ufa wa namna hii hauonekani gari likiwa limezimwa, lakini mara nyingi utakuta alama ya oili iliyolowa pembeni ya kibana mpira. Filta ya hewa usiisahau, hasa kwa mtu anayekula vumbi la barabara za ndani. Tazama pia mabawa ya turbo, kwa kuwa turbo ya injini hii ina mabawa yanayojigeuza ndani yake, na masizi yanaweza kuyakwamisha.

Kuna jambo moja la 1KD ambalo ningependa kulikazia kuliko yote, kwa sababu linaua injini kabisa. Washa, yaani pete za shaba zinazokaa chini ya nozeli (vinyunyizio vya dizeli), zikichoka, gesi ya mwako hupenya na kuingia kwenye oili. Oili hujaa masizi na kuwa nzito, uchafu hukusanyika kwenye chujio la ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na siku moja presha ya oili inashuka ukiwa njiani. Gesi hiyohiyo huongeza mvuke wa oili unaopanda kupitia mpira wa kupumulia injini na kuingia kwenye njia ya hewa. Masizi ya EGR yakiwa peke yake huwa makavu; ni mvuke wa oili unaoyafanya yanate na kugeuka lami uliyoonyeshwa. Kwa hiyo mtu akinionyesha manifodi iliyoziba namna hiyo, ninauliza kwanza hali ya nozeli na washa zake, na ninaomba mashine isome marekebisho ambayo kompyuta inaifanyia kila nozeli. Ikiwa nozeli moja inavuja, gari litaendelea kutengeneza masizi hata kama umeweka kibati kinene kama sufuria.

Mwenye magari ya watalii, Usa River

Ninakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, hasa kuhusu washa za nozeli, lakini naomba niwasemee sisi ambao magari yetu yanafanya kazi tofauti na ya mtu wa mjini. Gari la watalii hutembea kwa mwendo mdogo hifadhini siku nzima, na wageni wakimpata simba linasimama huku injini ikiunguruma kwa muda mrefu. Huo ndio wakati ambao EGR hufanya kazi zaidi na injini haipati joto la kuunguza uchafu wake. Hata nozeli zikiwa nzima, masizi yanarudi baada ya kusafishwa. Zile Land Cruiser zetu zenye 1HZ ya lita 4.2 hazina turbo, na nyingi zilizoko kwetu hazikuja na EGR, ndiyo maana madereva waliozizoea hushangaa wanapokutana na tatizo hili kwenye magari mapya zaidi.

Kwa yale yenye 1KD nimechagua kuziba, na sijutii. Hata hivyo, anayeamua hivyo afanye kazi ya heshima. Kibati kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu aluminiamu au bati la kuokota haliwezi kuhimili joto la moshi kwa muda mrefu, na kikitoboka kipande kinaweza kufuata hewa hadi kwenye silinda. Gasketi ziwe mpya pande zote mbili. Gari lenye kipoza moshi cha EGR kinachopitisha maji ya rejeta lichunguzwe kwanza kama maji hayapungui, kwa maana kipoza kilichotoboka huingiza maji kwenye njia ya moshi au ya hewa, na kibati upande mmoja hakizuii maji hayo kutafuta njia ya upande mwingine. Kipoza kibovu kinabadilishwa, hakifichwi. Na kwa magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, mimi ningesema msiguse EGR kabisa, kwa sababu kompyuta hupanga usafishaji wa chujio hilo kwa kutegemea mfumo wote ukiwa kamili.

Nilichokiona kuwa na faida kubwa kuliko kibati chenyewe ni kile chombo cha kunasa oili kinachofungwa kwenye mpira wa kupumulia. Ukifungua bomba lake la chini utashangaa oili inayotoka, ambayo yote ingeingia kwenye manifodi. Kinahitaji kumwagwa mara kwa mara, kwa sababu kikijaa au mpira wake ukikunjika, presha hupanda ndani ya injini na oili huanza kutafuta sili za kutokea.

Mtumishi wa afya, Njiro

Naomba niseme kidogo kwa niaba ya wale wasioendesha. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Oksidi za naitrojeni nazo huchokoza njia ya hewa, na anayeumia kwanza ni mtoto mwenye pumu na mama anayeuza ndizi kando ya barabara pale magari yanapojipanga kwenye foleni. Ninafahamu kwamba gari lililojaa masizi na lenye EGR inayokwama halimsaidii mtu huyo, kwa kuwa moshi mweusi nao ni hatari, labda zaidi. Lakini ikiwa gari linaweza kurudishwa katika hali yake kwa kusafishwa na kurekebishwa nozeli, basi hiyo ndiyo kazi inayompunguzia mzigo pia yule aliyeko nje ya gari.

Kanda yetu ya Afrika Mashariki ilipitisha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa pia uchafuzi wa hewa. Ingekuwa huzuni kuleta mafuta safi zaidi kisha tuondoe kwa mikono yetu kifaa kilichowekwa kulinda mapafu.

Mkazi wa Sakina, Arusha

Ninawashukuru sana nyote. Nimefanya kipimo cha kampira kwenye barabara inayopanda kuelekea Ngaramtoni. Moshi ulipungua kwa kiasi kikubwa na gari likachangamka, ila ukikanyaga ghafla bado unaonekana kidogo. Fundi wangu sasa anapendekeza kibati chenye tundu katikati, akisema kompyuta haitagundua na moshi utakaorudi utakuwa mdogo. Je, hiyo ni njia ya kati inayofaa?

Fundi wa dizeli, Majengo, Moshi

Kipimo chako kimekupa jibu zuri, na pia kimekuonyesha kwamba kuna mambo mawili. Kupungua kwa moshi kunamaanisha vali ilikuwa inafunguka isivyo halali au haifungi hadi mwisho. Ule uliobaki utafute kwenye mipira ya turbo, kwenye nozeli, na kwenye sensa ya hewa, ukikumbuka pia kwamba kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi: hapa mjini Moshi tuko chini ya mita 1,000, Arusha ni karibu mita 1,400, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Kasoro ndogo ya hewa ambayo hapa Moshi haionekani, huko juu inatoa moshi mweusi.

Kibati chenye tundu ni kweli kwamba mara nyingi hakiwashi taa, kwa kuwa kompyuta bado inaona hewa ikibadilika inapofungua vali, wakati kibati kizima huweza kuleta msimbo wa hitilafu wa P0400 au P0401. Lakini kwa gari lako hakifai. Vali isiyofunga itaendelea kupitisha moshi kwenye tundu hilo hata mlimani, kidogo kuliko mwanzo, na utakuwa umelipia nusu ya tiba. Kama bwana wa Usa River atabaki na kibati chake kwa sababu ya kazi ya hifadhini, ninamwelewa. Wewe unaendesha mjini na safari ndefu, na injini yako inapata nafasi ya kupasha.

Ningekushauri manifodi ishushwe, isikwanguliwe ikiwa juu ya injini, kwa sababu vipande vya masizi vikidondokea kwenye milango ya hedi vitaishia kwenye vali za silinda. Milango hiyo izibwe kwa vitambaa safi. Manifodi iloweshwe, isuguliwe, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikauke kabisa, maana dawa ya kusafishia ikibaki ndani injini ya dizeli huitumia kama mafuta na inaweza kukimbia bila breki. Vali ya EGR isafishwe upande wa moshi tu, bila kulowesha sehemu ya mvuto wala sensa yake. Ukiwa umeshafungua, badilisha washa za nozeli kama hujui zilibadilishwa lini, mwaga oili, na ikiwezekana sampo ishushwe ili chujio lake litazamwe.

Kabla fundi hajaifunga vali, mwombe aivute mbele yako kwa pampu ya mkono kisha aiachie. Ikirudi yenyewe hadi mwisho na ikashika bila kupitisha hewa, ifungeni pamoja na gasketi mpya, na kibati kibaki gereji.